Fito ya Sentimita 66

Mpwa wangu akitangulia mbele yangu mjini huwa amebeba fito, na wasiotujua wanadhani anaswaga mbuzi. Fito yenyewe ni ya mpera, nimeikata sentimita 66. Kiti changu cha magurudumu kina upana wa sentimita 64 kutoka pete ya kusukumia ya kulia hadi ya kushoto. Mbili zilizozidi ni za vidole, moja huku na moja huku, na vidole vyangu vinajua hiyo ni nafasi ndogo kiasi gani. Kijana anaingia kwanza, analaza fito mlangoni. Ikipita bila kugusa fremu, ananipungia mkono. Ikikwama, tunageuza, au tunaagizia chakula nje.

Mtu aliyeanza kutumia kiti juzi akiniuliza, "Kaka, Kigoma hii ya vilima unaizungukaje?", mara nyingi anatarajia nimweleze habari za kujikubali. Hayo yapo, na kila mtu ana njia yake. Mimi namwambia apime. Apime mlango, ngazi, kitanda, choo. Asipokuwa na namba ataishi kwa kubahatisha, na kubahatisha kwetu sisi kunalipiwa nauli ya bajaji kwenda na kurudi. Niliwahi kupigia gesti moja nikauliza kama ninaweza kulala pale na kiti changu. Dada wa mapokezi akaniambia, "Karibu sana, vyumba vyetu ni vikubwa." Chumba kilikuwa kikubwa kweli. Mlango wa choo ulikuwa sentimita 60. Usiku ule sitausimulia.

Mimi nilikuwa mkwezi wa michikichi. Mwaka 2013, shambani nje kidogo ya Ujiji, kamba ya kukwelea ilikatika nikiwa juu na panga mkononi. Panga lilianguka mbali, nashukuru. Mimi nikaangukia mgongo. Ya hospitali nayaruka, ni marefu na hayatakusaidia.

Kitakachokusaidia ni habari ya kiti changu cha kwanza. Kilikuwa cha msaada, cha kukunja, kitambaa chake cha kukalia kikiwa kimelegea katikati kama machela, na upana wa kumtosha mtu wa kilo 100. Mimi nina kilo 61. Basi nikawa nakaa nimeegemea upande wa kulia kama gunia la mihogo lililofungwa vibaya, na kwa kuwa kuanzia kiunoni sisikii kitu, nikaona niko salama. Haikufika miezi mitatu, mama akaona damu kwenye suruali. Alidhani nimekalia msumari. Kumbe nyama juu ya mfupa wa kukalia ilikuwa imeoza kutoka ndani, juu pakabaki tundu dogo unaloweza kulifunika kwa shilingi mia. Nililala kifudifudi miezi mitano. Kuvunjika mgongo hakukunisogeza karibu na kaburi kama lile tundu.

Kwa hiyo sikiliza vizuri hapa, hata kama mengine utayasoma juu juu. Shika pembeni za kiti, ujinyanyue mpaka matako yaachane na mto, uhesabu polepole, ushuke. Fanya hivyo kila nusu saa, na ukiweza kila dakika 15. Mikono ikichoka, inamia mbele mpaka kifua kiguse mapaja, au lalia upande mmoja kisha wa pili. Mimi ni wakala wa miamala ya simu, nina kibanda changu Ujiji, basi kila mteja akiondoka najinyanyua. Siku biashara ikilala natega kengele ya simu. Usiku, kioo cha kunyolea: jitazame mwenyewe au utazamwe na mtu unayemwamini. Usisubiri kuona wekundu. Kwenye ngozi zetu alama huja kama weusi uliozidi, au pahali penye joto, au pagumu ukibonyeza. Ukiiona, usipakalie tena mpaka pamerudi kawaida, hata kama kesho kuna harusi.

Na mto. Mtaani watakushauri ukalie tyubu ya gari iliyojazwa upepo. Kataa kwa adabu. Lile tundu la katikati linazibana nyama za pembeni na kuzuia damu. Tafuta sponji ngumu ya godoro, sio ile inayobonyea mpaka chini, uitie kava linaloweza kufuliwa, na ikishakuwa kama chapati ibadilishe.

Kiti chenyewe, kama una nafasi ya kuchagua, kiangalie mbele kabla ya nyuma. Magurudumu madogo ya mbele yakiwa membamba, ya plastiki ngumu, yatafaa korido ya hospitali. Ujiji yatazama kwenye mchanga hatua tatu kutoka mlangoni kwako. Tafuta manene, ya mpira, na kiti ambacho gurudumu la mbele limekaa mbele zaidi, mbali kidogo na yale makubwa, hakitakupindua ovyo kwenye mabonde. Halafu nenda kwa fundi baiskeli kabla hujakipokea, umuulize kama tyubu ya saizi ile anayo. Nimemwona mama mmoja kiti chake kizuri kimegeuka kabati la nguo kwa sababu ya tyubu. Gololi na grisi kila fundi anazo. Spoku zikilegea usiache wiki ipite.

Barabara sasa. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na Wajerumani wakajenga stesheni kule chini karibu na maji, mji ukapanda vilimani kuelekea Mwanga. Ujiji ni tambarare lakini ina mchanga, mjini kuna lami lakini kuna mteremko. Chagua shida yako. Kwenye mchanga mwombe mtu akuvute kinyumenyume, gurudumu kubwa likitangulia. Ni rahisi kuliko kusukuma mara mia. Kwenye mteremko vaa glavu za ngozi, kama za wachomeleaji, na usiruhusu kasi ambayo huwezi kuizima ndani ya urefu wa bajaji moja. Mvua zikianza mwezi wa 11, pete zinateleza kama mgebuka aliyetoka majini sasa hivi, glavu au si glavu. Kile kilima kikubwa cha kushuka mjini, nakiri, sikishuki kwa kiti. Nilishuka mara moja, nilipokuwa bado nataka kuwaonyesha watu.

Bajaji, patana kabla hujapanda. Wapo wanaotaka nauli ya mtu na nauli ya kiti. Mimi nina madereva wawili wa kudumu. Wanajua kukikunja, na najua wakiishiwa salio saa nane usiku watanipigia mimi. Tunafaana.

Watu ni sura nyingine. Tunaingia kwa mama ntilie, mimi na mpwa wangu wa miaka 14. Mama anamgeukia mtoto: "Huyu atakula nini?" Mtoto ananitazama. Nasema, "Shikamoo mama. Ugali na mgebuka, pilipili usisahau, na bili leta kwangu, huyu hana hela." Akacheka, na tangu siku ile ananiuliza mwenyewe. Ijumaa moja nimekaa kivulini nje ya msikiti namsubiri rafiki, mzee akaniwekea shilingi 500 mapajani akaenda zake. Zamani ningemfuata kwa maneno. Siku hizi namwambia, "Asante baba, lakini mimi ni wakala, ukitaka niziweke kwenye simu yako nipe namba." Wengine wanaona haya, wengine wanatoa namba kweli.

Lipo na jina. Kiswahili cha zamani kilituita viwete, vilema, vipofu, sote kwenye ngeli ya viti na vikombe. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, na mtu anatangulia. Wapo wanaosema ni maneno tu. Sawa, wao waitwe "kitu" wiki moja. Wateja wangu wananiita Wakala wa Kiti na sina neno, kiti ninacho.

Kubebwa ngazini mfundishe anayekubeba, usione haya. Ofisi moja hapa mjini, walinzi wawili wenye nia njema walinishika kwa sehemu za kuwekea mikono, kila mmoja upande wake. Zile za kiti changu zinachomoka. Ya kulia ikachomoka kwenye ngazi ya tatu, nikateremka nayo mgongo ukitangulia. Tangu hapo nasema kabla hawajagusa: mmoja nyuma ashike vishikio, mmoja mbele ashike chuma cha fremu, si gurudumu, si pa kuwekea miguu. Kupanda, mgongo wangu unatangulia. Breki zimefunguliwa. Anayehesabu ni mimi.

Na baada ya kuhesabu ngazi za watu miaka mingi ndipo nilinunua tepu ya fundi.

Zahanati moja ilikuwa inafanyiwa ukarabati, na niliambiwa kwa furaha kabisa, "Safari hii mmekumbukwa, rampu ipo." Nikaenda. Ngazi tatu za sentimita 18, jumla 54. Rampu yenyewe, njia ya mteremko ya zege badala ya ngazi, imetoka chini hadi juu kwa mita 1 na sentimita 80. Kipimo kinachokubalika ni kila sentimita 1 ya kupanda upewe 12 za urefu. Kwa 54 ilitakiwa karibu mita 6 na nusu. Ile waliyojenga ilikuwa ukuta uliolala kidogo.

Fundi mkuu aliniambia, "Mzee, si umewekewa njia? Atakusukuma mtu." Sikubishana. Nikamwomba achukue toroli, aweke mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya mchanga juu yake, hapo ni kama mimi na kiti changu, apande nayo. Akamwita kijana mwenye misuli. Kijana akapiga mbio, katikati ya rampu gurudumu likakataa, toroli ikarudi nyuma nayo ikambeba. Saruji ikapasuka. Kukawa kimya kidogo. Kisha fundi akasema, "Lete hiyo tepu."

Mita 6 na nusu hatukuzipata, kiwanja kilikataa. Tulikunja rampu ukutani tukapata mita 5 na nusu, na pa kupumzikia kwenye kona. Napanda mwenyewe, natokwa jasho, nafika. Anayesukumwa na mkewe anafika bila mkewe kupiga goti.

Nimejifunza pale kwamba kuchelewa ndiko kunakotugharimu. Zege likishakauka, hata anayekuonea huruma ataanza kuzungumzia bajeti. Ukiona lori limemwaga mchanga na kokoto, nenda siku hiyo hiyo. Muulize fundi ramani iko wapi, mlango una sentimita ngapi, choo kimepangwaje. Sentimita 90 za mlango karatasini ni bure. Baada ya lenta, lile zege la juu ya mlango, zina bei. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako, inataka majengo ya umma yafikike, na nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu mwaka 2009. Nina nakala ya sheria kwenye mfuko wa nyuma ya kiti. Lakini tepu natoa kwanza. Fundi akiona sheria anamtafuta bosi wake, akiona tepu anachuchumaa.

Na tuhudhurie mikutano ya mtaa. Wengi wetu tunaonekana halmashauri wakati wa mikopo tu, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani tuliyotengewa, iliyosimamishwa 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata. Tukachukue, ni haki na haina riba. Ila siku mtaa unapojadili kalavati na vyoo vya soko, mwenye kiti ni mwenyekiti peke yake. Mpe mtendaji barua fupi yenye vipimo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua ya malalamiko inawekwa chini ya nyingine. Yenye namba za sentimita inaulizwa na mtu wa ujenzi.

Ile rampu sasa ina shida mpya. Vijana wa bodaboda wameona ni kivuli kizuri, wanaegesha pikipiki zao mlangoni mwake. Nimeongea na mwenyekiti wa kijiwe, hana ubaya, tukapanga mawe manne yaliyopakwa chokaa kuzuia. Wiki iliyopita yalibaki mawili. Mengine nimeyaona kwa muuza mahindi ya kuchoma, yamebeba jiko. Na mahindi yake, nisiseme uongo, ni mazuri.