Kompyuta yangu inagandisha alumini kwa sekunde sita

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi hapa Dodoma, na mradi wangu ni kukadiria muda wa alumini kuganda ndani ya kalibu ya mchanga. Kwa fundi mmoja wa Chang'ombe tuliyeyusha masufuria yaliyotoboka, tukamimina bamba la unene wa milimita 20 kwa nyuzi 720. Programu yangu inasema ndani ya sekunde sita limeshapita 660 na kuendelea kushuka. Themokapo (kipimajoto cha waya) imesimama hapo hapo 660 karibu dakika nne! Nimegawa gridi vipande vidogo mpaka kompyuta inalia, jibu halibadiliki. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Gridi iache, haina kosa. Ulichosahau ni joto fiche, yaani lile linalotoka au kuingia kitu kinapobadili hali bila nyuzi kusogea.

Kutoka 720 hadi 660, kilo moja ya alumini inatoa kama kilojuli 71 tu. Ikifika 660 inapaswa kutoa nyingine 397 ndipo iwe ngumu, na muda wote huo kipimo hakisogei. Jumla ni 468, wewe umehesabu 71, yaani pungufu mara sita na nusu. Utauliza, mbona muda umepungua mara arobaini? Kwa sababu ya mchanga. Mchanga unameza joto kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha muda: ukitaka umeze mara mbili, usubiri mara nne. Sita na nusu kwa sita na nusu ni kama 42, na sekunde sita mara 42 ndizo dakika zako nne na ushee. Programu yako haikuropoka, ililetewa hesabu pungufu. Mhandisi Chvorinov aliliandika jambo hili mwaka 1940: muda wa kuganda hufuata mraba wa ujazo uliogawanywa kwa eneo la uso. Bamba la milimita 40 lingekuweka pale robo saa nzima.

Dawa yake: kila kipande cha gridi kiwekee daftari la joto (H, kilojuli kwa kilo), halafu nyuzi uzisome kutoka humo. H ikiwa kati ya 0 na 397, andika 660 basi. Ikizidi 397, ziada igawe kwa 1.18 uongeze juu ya 660. Ikiwa hasi, igawe kwa takriban 1.1 ujumlishe na 660 hivyo hivyo, alama yake itaishusha. Kwa vipande vya milimita 2, hatua ya muda isizidi sekunde 0.02, la sivyo namba zitaruka kama kumbikumbi.

Bahati yako fundi alitumia masufuria. Angetia pistoni za pikipiki, zenye silikoni karibu asilimia 12, kipimo kingesimama karibu na 577, na hapo ungenilaumu mimi.

Na mchanga ule alinyunyizia maji? Kiangazi cha hapa lazima anyunyizie, vinginevyo kalibu inabomoka. Maji hayo nayo yana joto fiche, kilojuli 2257 kwa kilo, na kwa mwinuko wa Dodoma yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yape daftari lake.

Kisha kila hatua jumlisha joto lililotoka kwenye alumini, ulinganishe na lililoingia mchangani. Yakitofautiana hata kidogo, usinitumie grafu, nitumie mistari ya programu inayohusu mpaka wa alumini na mchanga.