Maswali ya Wasomaji: Gia ya Mashine ya Miwa

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Wete, Pemba. Mteja wangu anauza juisi ya miwa, na gia ndogo ya mashine yake kila mara huliwa meno. Ya kwanza niliichonga kwa chuma laini cha mviringo kinachouzwa madukani. Niliitia moto mpaka ikawa nyekundu, nikaitosa katika ndoo ya maji ya bahari, lakini tupa iliendelea kuikata kama kwamba haikupita motoni, na baada ya wiki sita meno yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Ya pili niliichonga kwa ekseli ya lori, nikaifanyia vivyo hivyo. Safari hii tupa iliteleza, nikafurahi. Siku ya tatu meno mawili yakakatika kama kigae. Moto ni ule ule na maji ni yale yale. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, fundi. Umevifanyia kazi moja vyuma viwili visivyo na tabia moja. Chuma laini cha dukani huwa na kaboni kiasi cha asilimia 0.2 tu, na kwa kiasi hicho hakiwezi kuwa kigumu cha kuizuia tupa, ukitose katika maji ya aina yoyote. Ekseli za lori aghalabu huwa na asilimia 0.4 au zaidi, ndiyo maana ile ya pili ilikubali kuwa ngumu. Bahati mbaya ilikubali kupita kiasi: meno ni membamba, yalipata moto yote, yakawa magumu mpaka kwenye kiini, na hukuyapa moto wa pili wa kuyatoa ukavu, yaani wepesi wa kuvunjika. Maji ya bahari nayo yaliongeza ubaya, kwani chumvi huvunja utando wa mvuke unaokizunguka chuma cha moto, kikapoa kwa haraka zaidi kuliko katika maji baridi ya kisima.

Jino la gia hutakiwa mambo mawili yanayopingana. Usoni husuguana na kukandamizwa na jino la mwenzake, kwa hiyo uso unataka ugumu. Lakini shinani hupindwa kila linapobeba mzigo, na fundo la muwa likiingia ghafla shina hupata kishindo, kwa hiyo ndani panataka ulaini unaostahimili. Kwa sababu hiyo ningekushauri urudi kwenye chuma kile cha kwanza ulichokidharau, kwa kuwa kiini chake kinafaa sana. Kilichokosekana ni kaboni ya ngozi, nayo unaweza kuitia mwenyewe.

Twanga makaa ya vifuu vya nazi yawe kama punje za mahindi, uyachanganye na magadi yaliyokaangwa mpaka yakauka kabisa, kiasi cha sehemu moja kwa tisa za makaa. Gia iliyokwisha kuchongwa ilaze ndani ya sanduku la chuma kinene (si bati lililopakwa zinki, kwa kuwa moshi wake hudhuru), makaa yaizunguke pande zote kwa unene wa vidole viwili, kisha uzibe kifuniko kwa udongo. Tundu la shafti lijaze udongo pia, ili kaboni isiingie humo na uweze kulikereza baadaye likijikunja kidogo. Sanduku lote likishafika kiasi cha digrii 900 hadi 925, yaani wekundu unaoelekea rangi ya chungwa, lidumishe hapo kwa saa nne hivi, nawe utapata ngozi inayokaribia milimita 1. Kwa jino lenye unene wa milimita 6 hiyo inatosha. Ukitaka ngozi ya unene maradufu, saa hazizidishwi mara mbili, bali mara nne.

Kazi hii ifanyike uwanjani, si ndani ya karakana. Hewa iliyomo sandukuni huungana na makaa ikawa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo inayoibeba kaboni na kuiingiza katika chuma. Haina harufu, na humuua mtu kabla hajajitambua.

Sanduku likipoa, toa gia uipashe tena mpaka sumaku iache kuinasa, jambo linalotokea karibu na digrii 770, uzidishe moto kidogo, kisha uitose katika maji yasiyo na chumvi huku ukiitikisa. Siku ile ile, usingoje kesho, iweke katika joto la digrii 180 hadi 200 kwa muda wa saa moja au mbili. Tanuri la mikate hufaa, ikiwa mwenyewe atakubali kukuazima baada ya mikate kutoka. Uso uliosuguliwa ukigeuka manjano hafifu kama majani makavu, umefika.

SWALI: Nina boti Unguja. Fundi mmoja anasema gia ya injini yangu ifanyiwe naitraidi, yaani uso wake utiwe naitrojeni uwe mgumu, kwa sababu haipindi chuma. Je, ni kweli, na ni bora kuliko njia ya makaa?

JIBU: Kuhusu kutopinda amesema kweli. Gia huwekwa katika gesi ya amonia kwa digrii 500 hadi 550, mara nyingi kwa makumi ya saa, na haitoswi popote, kwa hiyo umbo lake halibadiliki sana. Lakini ngozi yake ni nyembamba, kwa kawaida milimita 0.2 hadi 0.5, na ugumu wa kweli hupatikana katika vyuma vyenye kromi au alumini ndani yake. Muulize kwanza gia yako ni ya chuma gani. Akishindwa kukujibu, usimpe kazi, na kama boti yako hugonga mawe mara kwa mara, ngozi nene ya kaboni itakufaa zaidi.

SWALI: Jino lililokatika kwenye gia ngumu laweza kujazwa kwa kuchomelea?

JIBU: Kwenye mashine ya miwa, kwa dharura, na baada ya gia kulainishwa kwa moto na kupozwa polepole ndani ya majivu, laweza. Kwenye boti inayovuka bahari kwenda Pemba, hapana, kwani chuma kigumu hupasuka pembeni mwa weldi, mahali usipopaona.