Ukitaka kujua biashara Nairobi inaelekea wapi, angalia vyuma kabla ya rangi

Ndugu, umeuliza kama kuna namna ya kujua mapema biashara Nairobi itapanda au itashuka, kabla hujachukua mkopo wa kufungua duka. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Ruai, kando ya Kangundo Road, tangu 2011. Namna ipo, ila ina mipaka.

Takwimu za uchumi za KNBS, shirika la takwimu la taifa, nazisoma. Shida yake ni kwamba za robo mwaka hutoka kama miezi mitatu baada ya robo yenyewe kwisha, halafu baadaye hurekebishwa. Duka langu huniambia mapema zaidi, kwa sababu nyumba ina mpangilio wake: kwanza kokoto, simiti na vyuma vya D12 (nondo za unene wa milimita 12), kisha mabati, mwisho vigae na rangi. Aliyefika kwenye rangi hata akibanwa atajikaza amalize, ahamie, aache kulipa kodi. Ambaye hajachimba msingi anaweza kuahirisha leo leo. Kwa hivyo rangi ikitoka vizuri huku vyuma vimelala, mimi huwa sifurahi. Hiyo ni pesa iliyoamuliwa mwaka jana.

Halafu kuna deni. Fundi aliyezoea kutuma M-Pesa kabla lori halijaondoka akianza "wacha nikulipe Ijumaa", namuuliza mwenye nyumba amekwama wapi. Mara nyingi ni mkopo wa Sacco umechelewa, au ni mtu aliyefanyia serikali kazi na hajalipwa. Nikisikia hivyo kwa watatu wiki moja, napunguza oda.

Sasa makosa yangu. Mwaka 2017 vyuma vililala kuanzia Juni. Nikasema huu ni uchaguzi tu, ukipita watu watarudi saiti. Mwisho wa Agosti nikajaza stoo simiti, tena ya mkopo. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, marudio yakapangwa Oktoba. Mvua ya vuli nayo ikaja. Simiti ikishika unyevu inaganda, na mifuko kadhaa niliishia kuitupa. Watu walirudi saiti kweli, lakini walirudi mwaka uliofuata, na mkopo wangu haukuwangoja.

Tangu hapo nauliza tu kama upepo umegeuka. Utageuka lini na kwa kiasi gani, hilo silitabiri. Hata Benki Kuu ilipoanza kushusha riba yake Agosti 2024, kutoka 13%, sikukimbilia kuagiza. Benki ninayokopa mimi ilichukua miezi kabla ya kunipunguzia chochote, na wateja wangu wanakopa kama mimi.

Hujasema duka lako litauza nini. Kama ni rangi, zunguka mtaa huo Jumamosi moja uhesabu misingi inayochimbwa sasa. Hao ndio wateja wako wa mwaka ujao.