Barua kwa mwanangu: Paulo angeingia kanisani kwetu Jumapili, angelitambua?

Marahaba mwanangu. Voisi yako tumeisikiliza mimi na mama yako, na swali lenyewe sio la kujibu kwa "amina" halafu basi, kwa hiyo nakuandikia, soma ukiwa umetulia. Unasema wenzako wa kazini wanakualika kwenye ushirika wao huko Dar, wanakutana sebuleni kwa mtu, hawana mchungaji hawana jina la dhehebu, wanasema wao wamerudi kwenye kanisa la Matendo ya Mitume na sisi wengine wote, KKKT, Katoliki, walokole, tumepotea zamani (sisi wa KKKT ndio Walutheri). Na ukaniuliza, baba, hivi Paulo angeingia kanisani kwetu Moshi Jumapili, na ule mnada na mabahasha na sapika kubwa vile, angejua kweli hapo ni kanisa?

Nianze na hilo la sebuleni maana ndo jepesi. Ni kweli walikutana majumbani, kwa Lidia pale Filipi, kwa Prisila na Akila, hilo halina ubishi. Lakini wale wa Yerusalemu waliokuwa wanamega mkate majumbani walikuwa wanakwenda pia hekaluni kila siku, na Paulo kule Efeso alifundisha kwenye darasa la mtu anaitwa Tirano miaka miwili. Walikuwa wachache, wengine wanasakwa, wangejenga wapi? Kule Syria, mji wa Dura-Europos, wachimbaji walikuta nyumba ya kawaida kabisa ambayo Wakristo kwenye miaka ya 240 hivi walivunja ukuta wa katikati vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja, na chumba kingine wakakifanya cha kubatizia. Yaani walipopata nafasi ya kupanua walipanua, hata kabla Kaisari Konstantino hajaruhusu dini yetu mwaka 313. Kwa hiyo mtu akikwambia jengo lenyewe ni dhambi, hilo mwache nalo.

La pili wanalokwambia ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba kulikuwa na kanisa safi la mwanzo na wao wamelirudia. Mwanangu, soma Matendo sura ya 5, Anania na Safira wanadanganya hela ya kiwanja, na hapo kanisa bado changa kabisa. Sura ya 6 wajane wa wale waliokuwa wanaongea Kigiriki wanarukwa kwenye mgao wa chakula cha kila siku, ukabila huo huo tunaoujua sisi. Halafu Korintho ndo usiseme, mimi wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa, wanashtakiana mahakamani, na kwenye chakula cha Bwana wenye nacho wanawahi wanakula wanalewa, maskini akifika anakuta sahani tupu. Nusu ya nyaraka tunazosoma madhabahuni ziliandikwa kwa sababu kuna kanisa limeharibu mahali. Kama Paulo angekuwa anayakataa makanisa yenye makosa, Korintho angewaandikia barua moja tu ya kuwaaga.

Mimi kinachonigusa kwenye ile sura ya 6 ni walichofanya baada ya malalamiko. Hawakuwaambia wale wajane mnaleta fitina kanisani, ombeni Mungu awape subira. Mitume waliita watu wote, wakasema chagueni saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, inaonekana walikabidhi chakula kwa upande uleule uliokuwa unalia. Hebu fikiria baraza la wazee la leo lifanye hivyo! Hapo ndo ninapoona tofauti kubwa kati yao na sisi, sio kwenye sapika.

Kuna mtu anaitwa Yustino, aliuawa kwa ajili ya imani kule Roma, na kwenye miaka ya 150 alimwandikia Kaisari akimweleza Wakristo wanafanya nini Jumapili. Anasema watu wa mjini na wa mashambani wanakusanyika, yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, anayeongoza anahubiri, wote wanasimama wanaomba, unaletwa mkate na divai, anashukuru, watu wanajibu amina, mashemasi wanawapelekea na ambao hawakufika. Nilivyosoma nikasema mbona hii ni ibada yetu, ya kwanza na ya pili zote. Kwa hiyo hapo Paulo asingepotea, mapambio yangemshangaza kidogo na kinanda cha umeme, lakini angejua tumefika wapi.

Ila Yustino anaendelea kwenye sadaka. Wenye uwezo na wanaopenda wanatoa, kila mtu anavyoamua mwenyewe, inawekwa kwa kiongozi, na yeye anasaidia yatima, wajane, wagonjwa, waliofungwa na wageni. Basi, anaishia hapo. Na Tertuliano wa Karthago, kama miaka hamsini baadae, anasema vilevile, kila mwezi mtu anatoa akitaka na kama anaweza, inalisha maskini na kuwazika, inalea watoto wasio na wazazi, wazee waliokwama ndani.

Mimi nahesabu sadaka na wazee wenzangu kila zamu yetu ikifika, naijua ile meza. Kuna ya ibada, kuna ya shukrani, kuna ya jengo, kuna bahasha za ahadi, kuna lipa namba siku hizi, na diakonia, yaani ile ya kusaidia wenye shida, ipo ila ndo ya mwisho kusomwa na ndo ndogo kuliko zote. Juzijuzi kwenye mnada bibi mmoja mjane alileta yai moja amelifunga kwenye ncha ya kanga, akalifungua taratibu asilivunje. Mnadishaji akalinadi, mtu akanunua elfu mbili akalirudisha linadiwe tena, mwingine elfu tano, mpaka likafika pazuri watu wanapiga vigelegele. Kizuri kabisa, na bibi alifurahi. Lakini hela yote iliingia kwenye jengo, na yule bibi paa lake linavuja toka masika, na kila mtu pale anajua. Mnada wenyewe sina shida nao, mtu asiye na hela anatoa alichonacho na kinapata thamani mbele ya watu. Shida ni hela inaelekea wapi ikishatoka kwenye lile yai. Nimelisema kwenye baraza, kwamba diakonia isomwe ya kwanza kwenye mapato na matumizi na iwe na fungu lake la lazima, wengine wameunga mkono, wengine wanasema tumalize kupaua kwanza. Bado tunabishana na mimi siachi.

Nisiwe mchoyo wa haki lakini. Hii hela hii ya Walutheri na ya Wakatoliki imejenga shule na hospitali huku kwetu toka wamisionari wa Leipzig walipofika Machame 1893. Hospitali ya KCMC hapa Moshi imefunguliwa 1971, na ni watu wangapi wamepona pale ambao hata sio Wakristo. Kanisa la Yerusalemu halikuwa na hospitali, sisi tunazo, na hilo Yustino angelifurahia sana.

Alafu kuna uwazi. Paulo alivyokuwa anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakubeba hela peke yake, soma 2 Wakorintho 8, makanisa yalichagua mtu wa kusafiri nayo, na yeye mwenyewe anasema ni ili mtu asije akawalaumu. Mtume mzima! Na kuna kijitabu cha zamani sana cha Wakristo wa mwanzo, Didake, kinasema mtume anayesafiri akikaa kwako siku tatu huyo ni nabii wa uongo, akiondoka mpe mkate wa njiani tu, na akisema kwa roho nipe hela usimsikilize, labda awe anaombea wengine wenye shida. Nikikumbuka yale ya hapa kwetu Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo, kwenye mkutano wa maombi, watu 20 wakafa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako, roho inaniuma mpaka leo. Walikuwa watu wenye shida zao, wagonjwa, wenye madeni, kina mama wenye watoto. Ni walewale ambao kanisa la mwanzo liliwafuata nyumbani na chakula, sasa sisi tunawaacha wakimbilie kwenye mlango mmoja. Na simlaumu muumini hata mmoja aliyekwenda.

Kingine, viti. Kuna gavana wa Kirumi anaitwa Plinio, kwenye mwaka 112 hivi alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu Wakristo wa upande wa Uturuki ya leo, akataka kujua wanafanya nini wakikutana alfajiri, na aliowakamata akawatesa ili waseme ni wanawake wawili watumwa, ambao kanisa lilikuwa linawaita mashemasi. Watumwa, mwanangu, ndo watumishi wa kanisa. Sisi mgeni rasmi akija na gari zuri tunamsogezea kochi mbele na maji ya chupa, na Yakobo alishaandika tusimpe kiti kizuri mtu kwa sababu ya pete yake ya dhahabu, tunaisoma na bado tunamsogezea kochi.

Sasa nikujibu uliloniuliza. Nadhani Paulo angetutambua vizuri zaidi msibani kuliko Jumapili. Unakumbuka babu yako alivyofariki, jumuiya walifika kabla hata hatujatangaza, huyu na unga, huyu na maharage, huyu na kuni, kina mama wamelala jikoni, vijana wanachimba, aliye nacho na asiye nacho wamekula sufuria moja, na hakuna aliyeuliza babu alikuwa amelipa ahadi au hajalipa. Kule Kidia, Old Moshi, mchungaji mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann aliyekaa huku mpaka 1938 alikuwa anasisitiza hilo, kwamba kanisa la Wachaga lisimame kwenye ukoo na ujirani, mtu asibatizwe akabaki peke yake. Wapo waliompinga na hoja zao zipo, ila kwenye Matendo mlinzi wa gereza pia anabatizwa na watu wake wote usiku uleule. Hicho kitu hatujakipoteza, tumekiacha kwenye msiba tu, na kazi iliyobaki ni kukirudisha kwa walio hai, kwa yule bibi kabla hatujambeba.

Hao wenzako nenda ukawaone, siwezi kukuzuia na wala sitaki, kukutana sebuleni kusoma Neno ni jambo jema. Ila angalia hela anashika nani na daftari linaonwa na nani. Angalia kama kuna mgonjwa au mzee humo, au ni vijana wenye mishahara tu. Na siku mtu akimwambia yule anayeongoza "hapana, hapo umekosea", angalia anabaki kwenye kundi au anaitwa msaliti. Ukiona yako sawa nipigie unieleze, na mimi nitajifunza. Ukiona hayako, tafuta jumuiya ya mtaa wako pale usharikani, najua wanakutana asubuhi mno na umechoka na foleni za wiki nzima, nenda hivyohivyo.

Na la fungu la kumi, umesema wamekutishia laana ya nabii Malaki usipotoa kwao. Paulo kwa Wakorintho hakutaja asilimia, alisema kila mtu kama alivyokusudia moyoni, sio kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Kwa hiyo usitoe kwa woga. Ile unayomtumiaga mama jirani ya dawa za presha endelea nayo, ya mwezi huu imefika, ameshanunua.

Baba yako
Moshi