Timu ya kikapu shule ndogo ya kijijini: anzia chini

Mwalimu unayeuliza jinsi ya kujenga timu ya mpira wa kikapu, nimekuelewa: wanafunzi wachache, uwanja mmoja, na kila mwaka wakali wako wanamaliza shule unaanza upya. Hilo la kuanza upya ndilo la kushughulikia kwanza. Nenda shule za msingi jirani. Wape watoto mpira namba 5 (saizi ndogo) na pete ya goli iliyoshushwa; mtoto mdogo akilazimika kufikisha mpira kwenye pete ya kawaida, mita 3.05 juu, ataurusha kwa mikono miwili kutoka kiunoni, na kumwachisha tabia hiyo baadaye ni kazi kwelikweli. Wakija kwako wawe tayari wanajua kudunda kwa mkono wa kushoto.

Ukiwa na wachezaji wanane, usikabe uwanja mzima; robo ya mwisho watakuwa hoi. Kaba nusu uwanja, fanyeni mazoezi ya watatu kwa watatu. Wasichana wapate mpira wao, namba 6, na siku zao za uwanja (wengi huwasahau). Kocha wa soka anawataka watoto haohao, kwa hiyo pangeni ratiba pamoja.

Goti la mchezaji likivimba ghafla, mtoe na usimkande, apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa akapata kizunguzungu asirudi uwanjani mpaka daktari amruhusu, hata kama ni fainali.