Moshi mpaka Tanga kwa baiskeli na familia: haya, maswali yenu

Tangu mjue kwamba mwaka jana mwezi wa saba tulitoka Moshi mpaka Tanga kwa baiskeli, mimi, mke wangu, watoto watatu na shemeji, kama km 350 kwa siku nane, maswali hayaishi. Najibu haya kwanza.

*Kaka, Moshi iko juu Tanga iko baharini, si mnateleza tu?*
Hahaa, ndo nilivyomdanganya mke wangu. Kweli Moshi iko juu kama mita 800 hivi, ila Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na kusi inatokea huko huko unakoenda, kwa hiyo ukishafika Same unakanyaga hata kwenye mteremko. Tulikuwa tunatoka alfajiri kukipambazuka tu, saa nne upepo ukishika kasi tunatafuta kivuli. Mwenye akili anaanzia Tanga, vilima atavipanda ila upepo unamsukuma mgongoni. Mke wangu bado ananiuliza kwa nini sikuliwaza hilo mapema.

*Wa miaka 9 ataweza?*
Wa kwangu aliweza, km 40 mpaka 50 kwa siku, na mwendo ni wake yeye sio wako dada. Siku ya kwanza Mwanga, ya pili Same, basi. Baada ya Same joto likamzidi, akatupa baiskeli akakaa chini ya mbuyu akasema haendi popote, tukambembeleza weee, mwisho tukampakia kwenye kirikuu na mama yake mpaka Mombo, tukawakuta wanakula chipsi.

*Na mabasi je?*
Hapo ndo pa kuogopa, vilima sio kitu. Lami nzuri lakini ndo hiyo hiyo ya mabasi ya Arusha na Dar na malori. Sisi tulienda mstari mmoja, watoto katikati, shemeji nyuma kabisa ana kioo na filimbi, akipuliza wote tunashuka kwenye vumbi bila kuuliza, hata kama ni mara ya hamsini. Mkifika Segera mabasi ya Dar yanashika njia yao nyie mnakata kushoto, angalau unapumua.

*Lazima baiskeli ya gea?*
Hapana. Shemeji alikuja na Phoenix ya babu yake, ile baiskeli ya kizamani isiyo na gea, tukamcheka, gea yangu ikafa Hedaru na fundi chini ya mti hana hicho kifaa wala hajawahi kukiona, ila Phoenix kila kijiji spoku zipo. Nilimalizia safari na gea moja. Ila bebeni tyubu, pampu, viraka na solosheni ya kutosha maana miiba ya Same haina huruma, siku moja tuliziba pancha sita.

*Samahani kuuliza, makalio?*
Yanauma. Siku ya nne yanakufa ganzi.