Mgeni wangu nitampeleka msitu wa Rau

Swali la wiki lilikuwa hili: Jumapili ya kiangazi umepata mgeni, gari huna na pesa ni za kuhesabu, utampeleka wapi, na kwa nini huko? Mimi ni mkazi wa Moshi, na nitampeleka msitu wa Rau, kisha tutaufuata mto.

Najua wengi watataja maporomoko ya Materuni au chemchemi ya Chemka. Kote huko ni kuzuri, sibishi. Ila nauli na kiingilio cha familia nzima si mchezo, na ukishafika unaoga, unapiga picha, unarudi nyumbani. Rau iko jirani na mji. Bajaji inakufikisha karibu, na mwenye miguu mizima anatembea. Mwezi wa pili, mabati ya Moshi yanapoanza kuchoma tangu saa nne asubuhi, ukiingia chini ya miti ile mwili unapoa mara moja.

Sababu ya ubaridi ule ndiyo inayonifanya niupende msitu huu kuliko bustani yoyote ya kupandwa. Mvua inayonyesha hapa tambarare haitoshi kukuza msitu mnene wa namna ile, tena unaobaki kijani mwaka mzima. Miti ya Rau inakunywa maji ya ardhini. Mvua kubwa ya Kilimanjaro hushuka kwenye ukanda wa msitu, mbali chini ya kilele cha Kibo, inazama kwenye miamba ya volkano, inasafiri chini kwa chini, halafu inaibuka huku kwetu kwenye chemchemi. Watu wengi, hata wazaliwa wa hapa, wanaamini tunakunywa barafu ya kileleni. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Anayetunywesha ni msitu wa mlimani. Mgeni wangu akirudi kwao na jambo hilo moja tu, nitafurahi.

Sasa miti yenyewe. Kuna mivule mikubwa, mmoja mzee sana ambao watoto hawaachi kushikana mikono wakijaribu kuuzunguka. Mvule tunaujua sote kwa milango na makabati, lakini ni wachache waliowahi kusimama chini ya ulio hai. Matunda yake huliwa na popo, na popo hao ndio wanaosambaza mbegu usiku. Kuna msoo, mti ambao duniani kote unapatikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya, na Rau ni mojawapo. Mtu anasafiri kutoka Ulaya kuja kuuona, na sisi tunapita kando yake na baiskeli tukiwahi mashambani! Juu ya matawi kuna mbega, wale weusi wenye mgolole mweupe mabegani. Waambie watoto wawaangalie mikono: dole gumba hawana, limebaki kinundu tu, na bado wanaruka kutoka mti hadi mti bila kukosea.

Shangazi yangu, aliyekulia Kibosho, ndiye aliyenifundisha kuutambua msesewe. Hupenda kuota karibu na maji, na magome yake ndiyo yanayotiwa kwenye mbege, pombe ya Wachaga, pamoja na ndizi na ulezi ili ipate ule uchungu wake. "Mwanangu," aliniambia, "ukiona msesewe umesimama peke yake shambani, chimba, maji hayako mbali." Tangu siku ile sipiti kwenye mti huo bila kuugusa. Naomba kila anayekwenda Rau aende na mzee wa aina hiyo. Bila mtu wa kukutajia majina, msitu wote ni majani tu.

Hapo ndipo bustani za mimea zinapotushinda. Dar es Salaam ina bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na Amani, kule Usambara Mashariki, wakaanzisha kituo chao mwaka 1902 na kupanda miti ya kila bara. Nimefika Amani. Kutembea kati ya miti ile mirefu ni raha kubwa, na sitamzuia mtu kwenda. Wenzetu wa Arusha nao wana bustani kando ya mto Themi, karibu kabisa na katikati ya jiji. Sisi Moshi tumepewa bustani isiyopandwa na mtu, na kinachokosekana ni vibao vya majina kwenye miti. Kibao cha ubao, rangi, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Shule za jirani zingeweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja ya Juni.

Ukitoka msituni, fuata mto Rau kuelekea mashamba ya mpunga. Ni sehemu ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Hapo mgeni anaona maji yale yale yaliyokuwa yakinywesha mivule yakigawanywa mfereji kwa mfereji hadi kwenye jaruba la mtu. Siku ya mawingu machache mlima unajitokeza wote nyuma yako.

Jambo moja linaniuma. Kingo za mto, hasa karibu na makazi, zimejaa chupa za plastiki, na kuna bustani za mboga zilizolimwa hadi majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wanaolima pale wana njaa ya ardhi, hilo nalielewa. Lakini ukingo ukibomoka, wa kwanza kukosa maji ni wakulima wa mpunga walio chini yao, tena ni majirani na ndugu zao.

Nendeni asubuhi, kabla ya saa tatu, mbega wakiwa bado wanakula. Vaeni viatu vya kufunika vidole maana siafu wapo. Bebeni maji na ndizi mbivu, na mfuko wa kurudishia takataka. Na kama hamna shangazi kama wangu, ulizeni pale Rau. Wapo vijana wanaoongoza wageni na wanaijua miti vizuri. Mlipeni bila kumpunguzia.